Mafuta ya Usukani wa Mchungaji

Gari la mchungaji lilipoanza kulia kila likikata kona, kila mwenye cheo kijijini Saleava alikuwa na dawa yake. Mtu pekee ambaye hakuulizwa kitu alikuwa fundi.

Fundi huyo aliitwa Pesamino. Miaka minane alilala chini ya magari ya watu kwenye gereji moja mjini Apia, akajua kutambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu, kisha akampenda Fuatino wa Saleava, akamfuata kwao. Na mwanamume anayehamia kwa wakwe zake Saleava ana kazi tatu: kubeba, kupika na kufunga mdomo. Pesamino alizifanya zote bila kinyongo. Mikono yake ilijulikana kila nyumba, maana hapakuwa na pasi, redio wala mashine ya kukata nyasi ambayo haikuwahi kupita mikononi mwake. Sauti yake, hata hivyo, wengi walikuwa hawajawahi kuisikia, isipokuwa labda kanisani wakati wa kuimba.

Kwa kawaida mlio wa gari la mtu mwingine haukumnyima usingizi. Huu ulimnyima. Fuatino alikuwa na mimba ya miezi minane, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, matako chini, kichwa juu. Nesi wa zahanati alisema wazi kwamba mtoto huyo hazaliwi Saleava, anazaliwa hospitali ya Apia, na uchungu ukianza wasingoje hata chai ichemke. Kufika Apia ni kuvuka mlima, kona juu ya kona, korongo upande mmoja na ukuta wa mawe upande wa pili. Basi liliondoka alfajiri tu. Pikapu la mzee Fonoti, mkubwa wa familia ya Fuatino, liliwaka siku linapojisikia. Gari la kutegemewa lilikuwa moja, hilo hilo la mchungaji, kuukuu kuliko Fuatino mwenyewe, lililotumika Japani likachokwa, likatumika New Zealand likachokwa, ndipo likawa zawadi ya kanisa.

Pesamino alilikagua Jumamosi mchana mbele ya nyumba ya mchungaji. Bomba la mafuta ya usukani lilikuwa na ufa. Alilikata, akalifunga upya kwa ustadi, kisha akafungua kifuniko cha chombo cha mafuta. Ndani mlikuwa mkavu. Juu ya kifuniko paliandikwa, kwa herufi zilizofifia lakini zinazosomeka, aina ya mafuta yanayotakiwa na onyo la kutotia mengine.

"Mchungaji, tazama hapa," alisema. "Gari hili linataka mafuta yake, ya usukani, ya aina hii tu. Nina binamu Apia anayauza. Akiyatuma kwa basi, Jumatatu nimemaliza."

Mchungaji Elisara alivaa miwani, akasoma kifuniko kama anavyosoma barua kutoka makao makuu, akaikunja miwani.

"Mimi nakuamini, mwanangu. Lakini gari si langu, ni la kijiji. Siwezi kulitia hata maji bila baraza kujua."

Hakuwa anatia chumvi. Mwaka uliopita alibadilisha matairi bila kutoa taarifa, na kwa Jumapili tatu mfululizo aliletewa taro, yale magimbi ya kila siku, pasipo kipande cha nyama. Mchungaji ni mtu wa kiroho, lakini somo hilo lilimwingia kwa njia ya tumbo.

Basi Jumatatu baraza likaketi. Machifu walikaa kila mmoja kwenye nguzo yake ya nyumba ya baraza, na Pesamino alikuwa nje kidogo, upande wa bakuli la ava, kinywaji cha mizizi cha barazani, pamoja na wanaume wengine wasio na cheo, kazi yake ikiwa ni kupeleka kikombe kwa atakayeitwa. Baada ya ava na maombi na salamu, na salamu za kujibu salamu, walifika kwenye usukani saa nne na nusu.

Wa kwanza kusimama alikuwa Tuimauga, msemaji wa baraza, mtu ambaye hawezi kuomba chumvi bila kutaja ukoo wa mwenye chumvi.

"Mekundu!" alisema. "Mafuta mekundu ya giaboksi. Damu ya mtu ni nyekundu, na gari nalo lina mishipa. Mimi ninayo nyumbani chupa nzima, iliyobaki kwenye basi la kaka yangu."

Hapo Lealaitoa, chifu mkubwa wa Saleava, alitabasamu. Kati ya koo hizo mbili kuna ugomvi wa mpaka wa tangu enzi za babu zao, na tangu hapo hakuna aliyekubali neno la mwenzake mara ya kwanza kulisikia.

"Mimi nasema mafuta ya breki," alisema. "Niulizeni kwa nini." Hakuna aliyemuuliza, akaendelea. "Kazi gani ngumu, kulisimamisha gari au kuligeuza? Kulisimamisha! Sasa mafuta yanayoweza kazi ngumu, yatashindwaje na nyepesi?"

Baraza likaguna kwa kuridhika. Kule kwenye bakuli, Pesamino alijua mengine. Mafuta ya breki huila mipira ya ndani ya pampu ikavimba, ikalegea, na pampu ikafa. Alikwisha kuzika pampu nyingi za namna hiyo.

Wa tatu alikuwa mzee Fonoti, ambaye wote walidhani amesinzia.

"Nazi," alisema, macho bado yamefumba. "Goti langu hili miaka kumi lilikuwa likilia, kii, kii. Mke wangu akalipaka mafuta ya nazi, likanyamaza. Usukani ni nini kama si goti la gari?"

Pesamino alishindwa kujizuia. Akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, akimtazama Fonoti usoni.

"Mkwe wa Fonoti ana kikohozi," alisema Tuimauga. "Apewe maji."

Baraza zima likacheka, na maji yakaletwa, na Pesamino akayanywa. Angefanya nini?

Sasa mjue kwamba Saleava haipigi kura. Kura huacha mtu ameshindwa, na mtu aliyeshindwa ana shamba jirani na lako. Kwao jambo huzungushwa hadi kila mmoja apate kipande. Ilipofika saa saba walikuwa wamekubaliana kwamba hekima zote tatu ni za kweli, kwa hiyo zote tatu zitaingia. Nusu ya chombo iwe mafuta ya breki ya Lealaitoa, kwa sababu ya ukubwa wake. Sehemu inayofuata iwe ya Tuimauga. Na nazi ya Fonoti ijaze palipobaki. Kugawana sehemu kulichukua muda mrefu kuliko kuchagua mafuta. Kumiminwa kupangwe Alhamisi, kwa sala, na mkono wa kumimina uwe wa mkwe wa Fonoti, kwa kuwa anajua kifuniko kilipo.

Nyumbani, Fuatino alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka, akijipepea.

"Umesema?" aliuliza.

"Nimekohoa."

Aliacha kujipepea. "Kwa hiyo mtoto wangu atavuka mlima kwa kikohozi chako."

"Fua, unajua mimi nani pale. Nikifungua mdomo ni aibu kwa mzee Fonoti, ni aibu kwenu."

"Aibu nitaibeba. Mtoto aliyekaa matako chini siwezi kumvusha mlima kwa adabu yako."

Maneno hayo yalimchoma. Jioni ile ile alikwenda kwa mzee Fonoti, akakaa chini, akakunja miguu, akaeleza taratibu kifuniko kinasema nini. Fonoti alisikiliza vizuri sana. Ndiyo sifa ya machifu wa Saleava, husikiliza vizuri mno.

"Unataka nisimame mbele ya Lealaitoa niseme baraza limekosea?"

"Hapana, mzee. Nasema mafuta tu ndiyo yaliyokosea."

"Mafuta ni ya baraza." Fonoti alikuna goti lake lililopona. "Ila mimba ni mimba. Acha nizungumze nao."

Kesho yake alirudi uso umemchangamka. "Wamekubali! Na yako yataingia, mkwe. Kijiko kimoja."

"Kijiko?"

"Cha chai. Nilianza na cha supu, wakanishusha."

Hapo ndipo Pesamino alipokata shauri. Alimtumia binamu yake ujumbe, na Jumatano basi likaleta chupa tatu za mafuta halisi zilizofungwa ndani ya lavalava kuukuu, shuka ya kujifunga kiunoni. Chupa za machifu zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa kwake azitunze, maana mkwe huaminiwa na kila kitu isipokuwa maoni. Alizimwaga zote shimoni nyuma ya jiko. Akaziosha, akazikausha, akazijaza mafuta ya kweli. Ya breki na ya giaboksi yalikuwa kwenye chupa za plastiki nyeusi, hayaonekani. Ya nazi yalikuwa kwenye chupa ya siki, na rangi yake na ya mafuta halisi zilikuwa karibu sana, njano ya kuparara. Kijiko chake cha chai hakukibadilisha.

Alhamisi asubuhi gari liliwekwa katikati ya uwanja, boneti wazi. Chupa zilipangwa juu ya mkeka mzuri, kwa vyeo. Mchungaji aliomba, Tuimauga akahutubia, kwaya ikaimba beti mbili. Lealaitoa mwenyewe alikuja kusimama karibu na boneti ili aone haki yake inaingia nusu kamili. Pesamino akamimina, mdomo wa chupa ndani kabisa ya chombo, rangi isionekane. Cha mwisho kiliingia kijiko chake, na watu wakacheka kwa upole.

Kisha mama mchungaji akaingia, akawasha, akauzungusha usukani kwa kidole kimoja. Kulia, kushoto, kulia. Gari likakaa kimya.

Shangwe zake zilisikika kijiji cha pili. Nguruwe alikwenda kwenye umu, jiko la mawe ya moto, pisupo ya nyama ya kopo ikafunguliwa, na Lealaitoa na Tuimauga walionekana wakiketi mkeka mmoja, jambo ambalo wengi walikuwa hawajaliona maishani. Pesamino alipita na sinia la chakula akicheka moyoni. Alijiona mjanja, na tusimnyime lake: alikuwa mjanja. Mke wake angevuka mlima salama, hakuna mzee aliyeaibika, na hakuna neno lililosemwa. Nini zaidi?

Zaidi ilikuja Jumatatu. Baraza lilikutana, likaona kwamba Mungu ameifunulia Saleava jambo ambalo hata waliotengeneza gari hawakulijua, likaamuru kila gari la kijiji lenye usukani wa mafuta litiwe Mchanganyiko wa Saleava. Ikaandikwa kwenye daftari.

Dereva wa basi, ambaye ni mtu wa kijiji kingine, alisema ndiyo, ndiyo, hakutia hata tone. Mwenye duka alitia kwenye lori lake dogo. Wiki moja baadaye lori likaanza kunguruma, wiki iliyofuata likavuja hadi likauka, likaegeshwa chini ya mshelisheli kuku wakalala ndani. Mwenye duka alipolalamika, baraza lilimuuliza kwa upole kama amekuwa akihudhuria sala ya jioni. Alikuwa hajahudhuria. Basi, mambo yakajieleza yenyewe.

Na siku moja Pesamino alitoka shambani na mzigo wa taro, akamkuta mzee Fonoti akifuta mikono kwa majani kando ya pikapu.

"Mkwe, leo nimekupunguzia kazi," alisema mzee. "Nimelitia dawa mwenyewe. Nazi nimezidisha kidogo, ni gari letu."

Pesamino aliutua mzigo. "Mzee, ngoja niyatoe. Pikapu hili... halikuwa gonjwa."

"Dawa haitolewi ikishaingia. Acha ifanye kazi."

Palikuwa na neno moja la kusema hapo, na Pesamino alilijua. Lakini akisema mchanganyiko ni sumu, swali la pili litakuwa: sasa lile la mchungaji ulilitia nini? Na mkwe aliyeudanganya mkutano wa machifu mbele ya mchungaji, katikati ya sala, hatozwi tu nguruwe na maboksi ya samaki wa kopo. Anaweza kuambiwa afungashe yeye na mke wake. Akajiambia kwamba gari la mchungaji ni zima, na hilo ndilo litakalompeleka Fuatino. Akaubeba mzigo wake jikoni.

"Lile pikapu linalia," alisema Fuatino baada ya siku kadhaa.

"Nalisikia."

"Mwambie mzee."

"Nitamwambia."

Siku kumi hivi zilipita. Mchungaji Elisara alipata wito wa mkutano wa kanisa, akaondoka na gari, siku nne. Kabla hajaondoka aliuliza kama Fuatino anaendeleaje, akaambiwa anaendelea vizuri, kwa sababu huko ndiko kujibu kwa adabu.

Uchungu ulianza siku ya pili, Jumanne, saa sita za mchana. Nesi alikuja mbio, akapapasa tumbo mara moja, akasema, "Sasa hivi. Gari liko wapi?"

Basi lilikuwa limekwenda. Lori la mwenye duka lilikuwa banda la kuku. Mchungaji alikuwa ng'ambo, kisiwa cha Savai'i. Pesamino alilitazama pikapu, na pikapu lilikuwa limeacha doa jeusi chini yake, pana kuliko sahani. Hata hivyo liliwaka, siku hiyo lilijisikia. Fuatino alilazwa nyuma juu ya mikeka na nesi kando yake, na mzee Fonoti akapanda kumshika kichwa. Wakatoka.

Kwenye barabara nyoofu lilikwenda. Lakini walipofika kona ya darajani Pesamino alizungusha usukani, na usukani haukuzunguka. Pampu ilipiga yowe, povu likaruka kutoka kwenye boneti, na ilimbidi asimame juu ya sakafu, miguu imekaza, avute kwa mwili mzima ndipo pua ya gari ikageuka, gurudumu la nyuma likipita nusu juu ya mto. Akavuka daraja. Mbele yake palikuwa na mlima, na hapo akajua kwa yakini kwamba mikono miwili haitoshi.

Nyumba ya Lealaitoa iko kando ya barabara, baada tu ya daraja. Chifu alikuwa kibarazani akicheza karata na Tuimauga. Ukaribu ule wa siku ya nguruwe ulikuwa haujaisha. Pesamino alifunga breki, akatoa kichwa nje, akapaza sauti ambayo hakuwahi kuipaza tangu aje Saleava.

"Mzee Lealaitoa! Nahitaji mikono!"

Lealaitoa aliinuka bila kuvaa ndala. Tuimauga, ambaye asingekubali kuachwa na Lealaitoa hata kwenye ajali, aliinuka naye. Walipofika mlangoni wakasimama. Kiti cha dirishani ni cha heshima, na wote wawili walikingoja.

"Tafadhali, wewe," alisema Tuimauga.

"Hapana, wewe ndiye msemaji, upepo utakufaa."

"Mwenye mikono mirefu akae katikati!" alifoka Pesamino. "Ingieni!"

Wakaingia. Lealaitoa akakaa katikati, akaushika usukani pembeni mwa mikono ya Pesamino, na Tuimauga akajinyoosha juu ya mapaja ya chifu akashika alipopapata. Hivyo ndivyo walivyoupanda mlima, wanaume watatu na usukani mmoja.

"Kulia! Vuteni! Vuteni! Achia! Achia, mzee, sasa ni nyoofu, utatutupa!"

"Naona kona yenye heshima zake yaja upande wa kushoto," alisema Tuimauga, kwa sauti ya barazani, "na kabla hatujaifikia ningependa..."

"Nyamaza uvute!"

Mkwe alikuwa amemwambia chifu anyamaze. Tuimauga alivuta.

Kila kona Fuatino alipiga kelele kule nyuma, na kila kelele ilimtoboa Pesamino. Katikati ya kupanda, jasho likimwingia machoni, bomba likapasuka kabisa, mvuke ukafunika kioo, na mambo yote aliyoyameza tangu siku ya bakuli yakamtoka kwa mkupuo.

"Ni mafuta yenu!" alipiga kelele. "Mafuta yenu ndiyo yanayoua pampu! La mchungaji halikuingia hata tone lenu, niliyamwaga yote nyuma ya jiko, nikatia ya dukani! Mchanganyiko wenu ni takataka, na mimi nilijua, nilijua, nikanyamaza! Kushoto! Vuteni!"

Wakavuta. Kupitia dirisha dogo la nyuma, ambalo kioo chake kilivunjika siku nyingi, ilisikika sauti ya Fuatino kati ya uchungu na uchungu.

"Sasa ndiyo anasema!"

Walivuka kilele, wakashuka upande wa pili, ambao ulikuwa mbaya zaidi, wakaingia mjini na kuzunguka mizunguko yake, magari ya watu yakiwapisha na kupiga honi. Saa nane kasorobo machela ilimchukua Fuatino pale mlangoni, na daktari alimtazama nesi tu akaelewa, wakapotea naye ndani.

Wanaume wakabaki kwenye benchi la veranda. Mzee Fonoti alikwenda kutafuta mahali pa kuombea. Lealaitoa alikuwa hana kiatu wala pumzi. Tuimauga alikuwa na alama ya usukani kwenye paji la uso. Kila mmoja aliweka mikono yake mapajani, na mikono yote sita ilikuwa ikitetemeka.

"Nitatozwa," alisema Pesamino hatimaye. "Sawa. Nitozeni. Mkitaka tuondoke, tutaondoka."

Lealaitoa alitazama vidole vya miguu yake.

"Siku ile ya kumimina," alisema, "nilikuwa nimesimama pale pale. Mafuta ya breki yana harufu yake, nayajua. Yale hayakuwa na harufu. Ya nazi nayo hayakunukia. Nikajua umebadilisha."

Pesamino aligeuka polepole. "Ulijua?"

"Nikasema, fundi habadilishi bure. Basi yangu yalikuwa mabaya."

"Ukaacha iandikwe kwenye daftari!"

"Ningesema nini, mwanangu? Watu wamefurahi. Tuimauga amekaa mkeka wangu, mara ya kwanza. Nisimame niseme wote ni wajinga, kuanzia mimi? Nilidhani utasema wewe. Wewe ndiye fundi."

"Mimi napeleka vikombe!" alisema Pesamino. "Mimi nilikohoa, nikaletewa maji. Wewe ndiye chifu. Neno lako moja lingetosha, na pikapu lile lingekuwa zima, na mke wangu asingepanda mlima akipiga kelele vile!"

"Na neno lako moja kwa Fonoti lingetosha pia," alisema Lealaitoa taratibu.

Nalo lilikuwa kweli.

"Mimi," alisema Tuimauga kwa sauti ndogo, bila kutaja ukoo wa mtu, "nilisema mekundu kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo nyumbani."

Muda ukapita. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka nesi wa hospitali, mwanamke mnene mwenye mikono imara, amebeba kitu kidogo kilichofungwa kwa shuka jeupe. Mama ni mzima, alisema, wamempasua, amelala. Mtoto ni wa kike.

"Baba ni nani?"

Pesamino aliruka kusimama, akanyoosha mikono yake ampokee. Ilikuwa ikitetemeka kuanzia mabegani. Alijaribu kuikaza, ikatetemeka zaidi. Vidole havikufungika wala havikufunguka, vilibaki vimejikunja vile vile vilivyoushika usukani.

Nesi aliitazama mikono ile, akarudi nyuma hatua moja, akamkumbatia mtoto karibu zaidi.

"Hapana, baba. Mikono hiyo haishiki mtoto. Kaa kwanza itulie." Akawatazama wazee wawili. "Kuna mwingine wa kumpokea hapa?"

Lealaitoa na Tuimauga waliificha mikono yao chini ya lavalava.

Nesi akageuka na mtoto, akaingia ndani, mlango ukajifunga. Pesamino alibaki amesimama na mikono yake mbele, akimsikia binti yake akilia upande wa pili.